Kitenzi cha Kiingereza kikigoma njiani: dalili, chanzo na tiba za "went", "became" na ndugu zao

Mwongozo huu umetokana na malalamiko yale yale yanayorudi kwenye meza za steshenari na madarasa ya tuisheni ya Dar es Salaam. Barua ya kazi imerudishwa, insha imejaa wino mwekundu, maelezo ya ajali yameeleweka kinyume. Walalamikaji wengi jedwali wanalijua vizuri. Waamshe usiku wa manane watakuimbia "go, went, gone" mpaka mwisho. Kinachowaangusha ni kitenzi cha Kiswahili kilichokuwa kichwani kabla Kiingereza hakijaandikwa, kwa hiyo ukaguzi wote hapa unaanzia kwenye Kiswahili.

Kabla hujagusa kitu

Sentensi ukiitilia shaka, andika pembeni Kiswahili chake kama ungemwambia jirani. Halafu angalia kitenzi: kimebeba -li-, -me- au -ka-? Kitu kimejitendea chenyewe, kama "vunjika" na "geuka", au kuna mtu amekitenda, kama "vunja" na "geuza"? Na je, kuna mahali pametajwa? Shika majibu hayo, ndipo ushuke kwenye dalili yako.

Dalili: hadithi inaanza jana, ikifika katikati inageuka leo

Mfano wake ni huu: "I went to Kariakoo, then I enter the shop and buy a bag, after that I come back."

Chanzo cha kwanza, na ndicho kinachoongoza, ni -ka-. Kiswahili chake ni safi kabisa: "Nilienda Kariakoo, nikaingia dukani, nikanunua begi, nikarudi." Tunaweka -li- mara moja tu mwanzoni, vitenzi vingine vyote vinaning'inia hapo kwa -ka-. Kiingereza hakina kitu hicho. Kila kitenzi kinalipa nauli yake: "I went to Kariakoo, went into a shop, bought a bag and came back." Ukaguzi ni rahisi. Pitisha kidole kwenye sentensi, kila ulipokuwa na -ka- hakikisha kitenzi cha Kiingereza kimevaa wakati uliopita.

Chanzo cha pili ni "did". Mtu anaandika "I didn't went" au "Did you came?" Wakati uliopita umeshabebwa na "did", kwa hiyo kitenzi kinachofuata kinarudi hali yake ya kawaida: "I didn't go", "Did you come?"

Cha tatu huwapata wale waliokwisha kutibiwa cha kwanza wakazidisha dozi. "Nilimwona akivuka barabara" wanaandika "I saw him crossed the road". Hiyo -ki- haitaki wakati uliopita. Andika "I saw him crossing the road" kama ulimkuta katikati ya kuvuka, au "I saw him cross the road" kama ulimwona mwanzo hadi upande wa pili.

Dalili: umepanda na umeshuka, lakini msomaji hakuoni ndani ya gari

Hapa ndipo Dar inapojieleza vibaya kila siku. "I climbed a daladala at Mwenge and dropped at Posta." Konda anakuelewa. Mtu wa London anakuona juu ya paa la gari.

Sababu kubwa ni kwamba Kiswahili hufungia njia ndani ya kitenzi: ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, rudi. Namna ya kwenda tunaiongeza nyuma ikihitajika, "aliingia akikimbia". Kiingereza hupindua mpangilio huo. Kitenzi mara nyingi hubeba namna, "ran", "walked", "crept", "drove", na njia inahamia kwenye kineno kidogo kinachofuata, "in", "out", "up", "off", "across". Kwa hiyo "alitoka akikimbia" ni "she ran out", "alivuka akiogelea" ni "he swam across", "alipita akitembea" ni "he walked past". Kineno kikianguka, njia nayo imepotea. Ukiandika "he ran" peke yake, hatujui aliingia, alitoka au alikuwa anafanya mazoezi Coco Beach.

Kwa vyombo vya usafiri, kanuni inayofaa mtaani ni hii. Chombo unachoweza kusimama au kutembea ndani yake, au unachokalia kwa kupanua miguu, kinataka "on" na "off". Kwa hiyo "got on the bus", "got off the train", "got on the bodaboda", na pantoni ya Kigamboni nayo ni "got on the ferry". Kile unachoinama kuingia ukakaa, kama teksi au bajaji, kinataka "into" na "out of": "got into a bajaji", "got out of the taxi". Kwa maandishi rasmi "boarded" inatosha, haihitaji kineno chochote: "We boarded the ferry at Magogoni." Na "nilishuka Posta" ni "I got off at Posta". Ukisema "I was dropped off at Posta" maana yake kuna mtu alikuwa na gari akakushusha. Hilo nalo ni sahihi, mradi ndilo lililotokea.

Sababu ya pili ni -ni ya mahali. "Niko sokoni", "naenda sokoni", "nimetoka sokoni", neno ni lile lile moja. Kiingereza kinadai uchague, na mwanafunzi anachagua kwa kubahatisha: "I went at Kariakoo", "We arrived to Morogoro", "I reached at home". Jaribu hivi: "went", "came" na "returned" huchukua "to". "Arrived" huchukua "at" kwa kituo au jengo, na "in" kwa mji au nchi, wala haichukui "to" kwa mahali. "Reached", "entered" na "left" hazichukui kitu kabisa: "reached Morogoro", "entered the room", "left the office". "Home" hukataa "to" ikifuata "went", "came" au "got": "I got home late." Kuna sehemu ambapo "entered into" inakubalika, kama kwenye mkataba: "entered into an agreement". Ndiyo maana ukiandika "entered into the office" inasikika kama mmesaini kitu na mlango.

Sababu ndogo zaidi ni kurudia. "Returned back" imerudi mara mbili, ondoa "back". "Shifted" kwa maana ya kuhama nyumba inaeleweka Afrika Mashariki nzima, lakini barua ikielekea Uingereza andika "moved": "The upcountry bus terminal moved from Ubungo to Mbezi in 2021."

Dalili: kitu kimebadilika, ila sentensi inasema kilikuwa hivyo tangu zamani

Hili ndilo gumu kuliko yote, nami nalipa nafasi kubwa kwa makusudi, kwa sababu vitabu vingi vya shule hulipita kwa aya moja.

Anza na hitilafu inayojirudia zaidi, "was" mahali pa "became". "Tanganyika was independent in 1961" haivunji sarufi, lakini inaeleza hali. Mabadiliko yenyewe, ile hatua ya kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, yanataka "became": "Tanganyika became independent in 1961 and became a republic in 1962." Kiswahili kina njia ya kutofautisha, "alikuwa" na "akawa", na hapo ndipo pa kukagua. Ukiweza kusema "akawa", "ikawa" au "ikageuka" bila maana kuharibika, "was" haitoshi. Mtaa tunaouita Samora leo ni mfano mzuri wa kufanyia mazoezi: "Acacia Avenue became Independence Avenue, and later Samora Avenue." Weka "was" pote hapo uone historia inavyokufa.

Usiandike "became to be" wala "became into". "Became" inajitosheleza. Anayetaka "into" ni "turned" na "changed" yanapofuatwa na nomino: "The road turned into a river." Mvua za masika zikipiga Jangwani utapata nafasi nyingi za kuitumia.

Hitilafu ya pili inawapata waliokwisha kuijua "became" wakaitumia pote. "The milk became bad. He became asleep. She became eighteen." Kila moja inaeleweka, hakuna hata moja inayosikika vizuri. Kiingereza hupenda kuazima vitenzi vya mwendo kueleza mageuko, na kila kitenzi huja na mwelekeo wake. Tabia hiyo ni ya zamani. "Became" yenyewe imebeba "came" tumboni, na kwenye Kiingereza cha kale kitenzi chake kilimaanisha kufika au kutokea. "Went" nayo awali haikuwa mtoto wa "go". Ilikuwa ya "wend", kitenzi kilichotoka kwenye maana ya kugeuza na kugeuka, na kufikia mwaka 1500 hivi "go" ilikuwa imeshaichukua ikaacha wakati uliopita wake wa zamani. Kwa hiyo usishangae kuona "went" ikifanya kazi ya kubadilika. Imerudi karibu na kwao.

Mwelekeo wa kila mmoja, kwa ufupi wa kufanyia kazi:

"Went" huelekea upande wa kuharibika au kupotea. "The milk went sour", "the fish went bad", "the company went bankrupt", "he went blind", "the file went missing", "the power went out" usiku ule umeme ulipokatika. Hupokea rangi pia: "her face went red". Hukataa "old", "tired" na "ill". Usiseme "he went old".

"Grew" ni pole pole, hatua kwa hatua: "grew old", "grew tired of waiting", "the sky grew dark".

"Turned" ni kugeuka upande, na hushika rangi, hali ya hewa na umri: "the leaves turned yellow", "the weather turned cold", "she turned eighteen".

"Fell" ni kuangukia hali ambayo hukuipanga: "fell asleep", "fell ill", "fell silent", "fell in love", "the bag fell apart".

"Ran" ni kuisha au kupungua: "the well ran dry", "we ran out of charcoal", mkaa ulituishia. "Came" huelekea kufunguka, kulegea au kutimia: "the knot came loose", "her dream came true".

"Got" ni ya mazungumzo na inaingia karibu kila mahali, "got wet", "got tired", "got married". Kwenye simu itumie upendavyo. Kwenye barua ya maombi ya kazi ipunguze.

Angalia usingizi kwa karibu. Sisi husema mtu "alipitiwa na usingizi", usingizi ndio unaotembea, yeye yuko pale pale kwenye kiti cha mwendokasi. Mwingereza anasema "he fell asleep", mtu ndiye anayesogea, na anasogea kwenda chini. Hofu nayo kwetu inamwingia mtu, hasira zinampanda. Ukibeba mwendo wa Kiswahili mzima mzima utaandika "sleep passed him", na mhariri ataweka alama ya kuuliza pembeni. Ukaguzi wa kufanya ni kujiuliza nani anayesogea katika Kiswahili, kisha umsogeze mwingine.

Ukikwama kabisa, tumia "became" kwa maandishi rasmi na "got" kwa mazungumzo. Hutapata sifa, lakini utaeleweka.

Dalili: umemsalimia mtu, akakuuliza "lost what?"

"You have lost!" ni "umepotea!" iliyovaa suti. Chanzo ni -me-, ambayo kwetu hutaja tendo na hali iliyobaki baada yake kwa pamoja. "Amelala" maana yake usingizi unaendelea. "He has slept" inamaanisha usingizi umeshapatikana. Tiba ni kuuliza kama hali bado ipo sasa hivi. Kama ipo, acha mwendo, eleza hali: amelala, "he is asleep", amekaa, "she is sitting", amesimama, "he is standing", amevaa, "she is wearing". Kwa rafiki aliyepotea sema "I haven't seen you for ages", yatosha.

Chanzo cha pili: Dar tunasema "nimefika jana" bila wasiwasi, Kiingereza cha Uingereza kinakataa. Ukitaja jana, juzi, Jumatatu au mwaka 2016, rudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: "I arrived yesterday."

Cha tatu kinaumiza CV. "I have gone to Kenya for training" inasema uko Kenya bado hujarudi, na ofisa utumishi anabaki kujiuliza nani kaleta bahasha. Aliyekwenda akarudi huandika "I have been to Kenya for training", au bora zaidi, "I attended training in Kenya in 2019".

Dalili: hakuna aliyetenda, lakini sentensi inamtafuta mtuhumiwa

"The accident was happened." "The guest was arrived." "The price raised."

Sababu ya kwanza ni kuogopa kitenzi kibaki peke yake, mtu anakiongezea "was" kwa tahadhari. Kwenye Kiingereza cha leo vitenzi hivi havikubali "was" ya namna hiyo: happened, occurred, arrived, appeared, disappeared, fell, died. Ifute tu.

Sababu ya pili ni jozi. Kiswahili hutofautisha kwa mkia, panda na pandisha, lala na laza, anguka na angusha. Kiingereza mara nyingi hutumia kitenzi kimoja kwa yote mawili: "the glass broke" na "he broke the glass", "the water boiled" na "she boiled the water". Lakini jozi chache zina maneno mawili, na hizo ndizo mitego. Bei ilipanda, "the price rose". Waliipandisha, "they raised the price". Simu ilianguka, "the phone fell". Aliiangusha, "he dropped the phone". Mgonjwa alilala kitandani, "the patient lay on the bed". Muuguzi alimlaza, "the nurse laid him on the bed". Ukiandika "the patient lied on the bed" umesema alidanganya akiwa juu ya kitanda. Kipimo ni mkia: ukisikia -sha au -za kwenye Kiswahili, nenda kwenye "raised", "laid", "dropped". Usiposikia, "rose", "lay", "fell".

Lenye uzito zaidi ni lile la magazetini, "gari liliacha njia na kupinduka". Andika "the vehicle left the road and overturned". Ukiandika "was overturned", umeshamweka mtu wa kulipindua.

Dalili: umeandika sahihi, umesomewa vingine, au umesema sahihi, umesikika vingine

Hapa ni kupita haraka. "Left" na "lived" zikitamkwa kwa haraka hukaribiana, na maana zinakwenda pande tofauti: "he left Tanga", aliondoka, "he lived in Tanga", aliishi. "Fell" na "felt" vile vile: "I fell ill" ni kuanza kuugua, "I felt ill" ni kujisikia vibaya. "Flew" ni ya ndege, "fled" ni ya mtu aliyekimbia hatari, "flowed" ni ya maji.

Kuhusu -ed, Kiswahili hupenda silabi iishe na irabu, kwa hiyo "walked" inatoka "wokedi". Ni silabi moja. Baada ya sauti kama k, p, s na ch, maliza na t: walked, jumped, crossed, reached. Baada ya irabu na sauti nzito kama n, m, v na l, maliza na d: turned, climbed, moved, travelled. Silabi ya ziada huja tu kitenzi chenyewe kikiishia na sauti ya t au d: started, landed.

Acha kujitibu, tafuta mtaalamu

Maelezo ya polisi, hati ya kiapo, madai ya bima na mkataba usivitafsiri mwenyewe kwa kubahatisha, hata kama umemaliza sehemu zote za juu. Tofauti ya "the windscreen broke" na "was broken" inaweza kuwa tofauti ya kulipwa na kutolipwa. Kiapo kipeleke kwa wakili. Tafsiri ya cheti au hati inayokwenda ubalozini iulizie Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ambalo lina huduma ya tafsiri na ithibati.

Hospitalini, kama daktari anatumia Kiingereza, usijaribu kabisa vitenzi vya "passed". "Passed out" ni kuzimia, "passed away" ni kufariki, na "passed" peke yake Wamarekani wengi huisikia kama kufariki. Kwa mama aliyezimia saa mbili zilizopita sema Kiswahili, "alizimia, sasa ameamka", kisha mwombe muuguzi aandike yeye.

Na kama ni mtoto anayeacha miisho ya maneno katika Kiingereza na katika Kiswahili pia, anasema nusu neno hata nyumbani, achana na tuisheni kwanza. Mpeleke apimwe masikio kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, Muhimbili ipo.